Ukingo wa Meza ya Dirishani

Gongoni,
8 Machi 1988

Da Mwanatumu,

Pole tena na tena. Tangu siku ile ya msiba nilipokuja kukaa na wewe kwenye mkeka, sijapata nafasi ya kushuka Malindi, lakini katika maombi yangu upo kila siku. Natumaini Mahfudha anaenda shule na wewe unakula. Nilikuacha umekonda sana.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo hapa ofisini na sitaki ulisikie kwa watu. Mkurugenzi ametuletea kompyuta. Si ile taipureta ya umeme tuliyoahidiwa. Ni sanduku la rangi ya maziwa, lina kioo kama cha televisheni, na limewekwa juu ya meza yako, ile ya dirishani. Taipureta yako tumeifunika na gunia la chumvi. Meneja, Bwana Ochola, amesema mwezi wa Juni taipureta zote zitatolewa, na kila mpiga chapa atapimwa kwa hiyo mashine. Mimi nilimuuliza, "Na Mwanatumu je? Si yuko eda?" Akasema atakungoja utoke, lakini hatangoja zaidi ya hapo. Utapimwa Jumatatu ya kwanza ukishatoka.

Kupiga chapa kwenyewe si shida, herufi ziko palepale. Shida ni kidude fulani cha kushika mkononi, kina waya mrefu kama mkia, ndiyo maana wanakiita panya. Ukikisukuma mezani, kuna mshale unatembea kwenye kioo. Bila huo mshale mashine haifanyi kitu chochote. Siku ya kwanza mshale ulinikimbia mpaka nikatoka jasho, na meneja amesimama nyuma yangu. Sasa naanza kuelewa. Ukipenda, nitakuwa nakuandikia kila ninachojifunza, usije ukaingia hapa kama kipofu.

Katana wa lori amekubali kubeba barua zetu. Anasema hawezi kubisha mlango wa mwanamke aliye eda, kwa hivyo ataziacha hapo kona yenu, dukani kwa Dena.

Mimi mdogo wako,
Idah


Malindi,
14 Machi 1988

Shoga yangu Idah,

Waraka wako umefika, na furaha iliyoingia humu ndani pamoja nao huijui. Siku hizi wanaonijia wote huja na nyuso za msiba. Wewe umenijia na panya.

Uliniuliza siku ile kwa nini sitoki, nami sikuwa na nguvu za kukujibu. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, wala haonani na wanaume wa kando. Sisemi kwa kulalamika. Mbaruk alikuwa mume mwema na namkalia eda yake kwa moyo mmoja. Lakini mbele yangu kuna jambo na sina budi ulijue.

Muhidin, nduguye marehemu, alikuja kutoka Siyu. Si mtu mbaya. Alisema nami kwa adabu, nyuma ya pazia. Akasema, "Shemeji, ukirudi kazini kwako, mimi nitanyamaza. Ukikosa kazi, eda ikisha nitawachukua wewe na mtoto, mrudi Siyu. Mjane hakai mji wa watu bila mshahara." Nyumba hii ni ya kupanga, Idah, na Mahfudha yuko darasa la nane. Akenda Siyu atakaa na bibi yake, masomo yatakuwa yamekwisha, na mwakani nitasikia posa. Nami nilimuahidi babake kitandani kwamba atasoma mpaka mwisho wa masomo. Kwa hivyo kidude hicho unachokisema, kwangu si kidude.

Basi nifundishe. Anza mwanzo kabisa, wala usiniruke neno. Huyo panya anashikwaje?

Wako,
Mwanatumu


Gongoni,
22 Machi 1988

Da Mwanatumu,

Nimesoma barua yako. Usijali, tutafanya hii kazi pamoja.

Sikiliza. Kishike kama unavyoshika pasi. Kiganja juu, vidole mbele, lakini usikandamize, kwa sababu si kizito na hakina makaa. Chini yake kuna gololi ya mpira inayozunguka. Ukikisukuma mbele, kama unakitoa kwako, mshale unapanda juu kwenye kioo. Ukikivuta kwako unashuka. Kulia ni kulia na kushoto ni kushoto. Usiangalie mkono. Hilo ndilo lilinisumbua mimi, nilikuwa naangalia mkono na mshale unapotea. Macho yakae kwenye kioo tu.

Mbele kuna kibonyezo kimoja. Ukikibonyeza na kuachia, umechagua. Ukikibonyeza na kukishikilia huku unavuta, unachora mstari. Kidole kikiachia njiani, mstari unakatika na unaanza upya. Bwana Ochola anapenda sana hiyo mistari kwa sababu anataka kuchora mabwawa ya chumvi kwa mashine.

Tafuta kitu cha kufanana nacho, uzoeze mkono. Na ukikwama uniulize.

Idah


Malindi,
12 Aprili 1988

Shoga yangu Idah,

Ama baada ya salaam, ujue kuwa mwanafunzi wako si mvivu.

Panya nimempata. Mbaruk alikuwa ameninunulia sabuni ya kunukia, kipande kizima, haijafunguliwa. Mtu wa eda haogi kwa sabuni ya kunukia, ikawa imekaa kabatini inanitazama tu. Nimeifunga kitambaa mara mbili harufu isinishike, nikaitia uzi nyuma ukawa mkia, na mbele nikashona kifungo cha shati, ndicho cha kubonyeza. Sinia la pilau ndilo meza. Mkono wa kulia nasukuma sabuni, wa kushoto nasogeza kokwa ya tende juu ya ubao wa kukatia mboga, ndiyo mshale. Siku za mwanzo mikono ilikuwa ikigombana kama wake wenza. Sasa inasikilizana. Muhidin angeniona angesema majonzi yamenipanda kichwani. Nikimaliza naiweka juu kabisa ya kabati, panya wa kweli wasije wakaitafuna.

Uliponiandikia pasi nilicheka, halafu nikalia. Kila Alhamisi alasiri nilikuwa nampigia Mbaruk pasi kanzu yake ya Ijumaa. Mkono unakumbuka, na mwenye kanzu hayupo.

Sasa swali. Sinia langu lina ukingo. Nasukuma, nasukuma, kokwa haijafika mwisho wa ubao nami nimeshagonga ukingo. Hapo mtu hufanyaje? Hilo hukuniambia, na ndilo linalonikosesha raha. Naogopa siku hiyo nitafika mwisho wa meza nibaki nimeduwaa mbele ya Bwana Ochola.

Afadhali ungekuja Jumapili unionyeshe kwa mkono wako. Eda haimzuii mwanamke mwenzangu kuingia. Nitakupikia mkate wa sinia, kabla Ramadhani haijatukuta.

Wako,
Mwanatumu


Gongoni,
17 Aprili 1988

Kwa dada yangu Wangu, huko Tezo,

Najua jirani yenu Harusi ndiye atakusomea, kwa hivyo naandika Kiswahili, si lugha yetu. Harusi, naomba jirani yangu, haya yasitoke nje ya nyumba ya dada yangu.

Juzi Bwana Ochola aliniita. Amesema mashine ni moja na haihitaji watu wawili. Kati yangu na Mwanatumu atabaki mmoja. Tutapimwa siku moja, Jumatatu baada ya eda yake, na kazi ni kuvuta mstari mmoja kwenye picha ya mabwawa, kutoka baharini mpaka ghalani, bila kukatika. Basi. Mstari wa nani utatoka mzuri, huyo ndiye mwenye kazi.

Wangu, ile meza haina nafasi. Mashine imeijaza yote. Unavuta kidogo tu, mkono umeshagonga dirisha, na mstari haujafika hata nusu. Siri yake ni kuinua. Ukifika ukingoni unakiinua kidude juu, kidole bado kimebonyeza, unakirudisha nyuma, unakiweka, unaendelea. Kikiwa hewani mshale unasimama kukungoja. Mimi sikujua mpaka nikaonyeshwa na fundi aliyeleta mashine.

Na sasa Mwanatumu, anayejizoeza huko ndani kwa kusukuma sabuni kwenye sinia, ameniuliza hilo hilo. Ameuliza kabisa, ukingoni mtu anafanyaje. Nikimwambia atanishinda, kwa sababu mkono wake ni mtulivu kuliko wangu. Yeye ndiye alinifundisha taipureta nilipokuja hapa sijui hata kuingiza karatasi. Nisipomwambia, atachukuliwa na shemeji yake mpaka Siyu, na mtoto wake ataacha shule. Na mimi nikifutwa, chumba cha kampuni wanakichukua siku hiyo hiyo. Nitaenda wapi? Nyinyi wenyewe hapo Tezo mnabanana.

Niambie nifanye nini. Barua yake iko chini ya mto wangu na sijaijibu.

Idah


Gongoni,
20 Aprili 1988

Da Mwanatumu,

Asante kwa barua. Nimecheka sana juu ya sabuni.

Kuhusu ukingo usijisumbue. Meza hapa ni kubwa, hutaufikia. Wewe endelea tu kuzoeza mkono polepole.

Jumapili sitaweza kuja, kuna mazoezi ya kwaya, na tena mvua imeanza na barabara ya huku ni matope matupu. Nakutakia Ramadhani njema wewe na Mahfudha.

Idah


Tezo,
3 Mei 1988

Idah,

Maneno ni ya dada yako Wangu, mkono ni wa Harusi. Ameniambia niandike vile anavyosema, nisilainishe.

Unaniuliza ufanye nini na wewe umeshafanya. Ungekuwa hujafanya, ungekuja hapa kwa miguu yako tuongee. Mimi nakujua tangu ukinyonya.

Ulipofika Gongoni na sanduku lako la mbao, ulinitumia habari kwamba kuna mama Mwislamu amekupa chai na kukukalisha kwenye kiti chake ili ujifunze kazi. Ulisema ni kama mzazi. Leo huyo mama amefiwa, anasukuma sabuni kwenye sinia, na wewe unamficha ukingo. Mimi sijui kusoma lakini hilo nimelisoma.

Ukifutwa, uje. Tutalima. Ngedere wakila nusu ya mahindi, nusu itabaki. Lakini usije na hiyo kitu ndani ya roho yako, kwa sababu hii nyumba ni ndogo na mimi sitaki kulala nayo. Mwambie.

Dada yako,
Wangu

Mimi Harusi naongeza langu moja, unisamehe. Hapa kwetu mtu akiuliza njia huonyeshwa njia, hata kama hampatani. Ugomvi utafuata baadaye.


Malindi,
10 Mei 1988

Idah mdogo wangu,

Mwezi unakaribia kwisha na mfungo ni mzuri, Alhamdulillahi. Jua linapotua nafungua kwa tende, na kila nikiitema kokwa Mahfudha huniambia, "Mama, mshale wako huo."

Umesema meza ni kubwa. Nimelipokea neno lako na nimeacha kuuliza.

Barua zako zimekuwa fupi. Nimekungoja Jumapili tatu. Ya kwanza kwaya na mvua, ya pili na ya tatu hata sababu haikuja. Kama ni ugonjwa, nijulishe nikuombee dua. Kama ni jambo jingine, mimi ni mtu mzima, nimezika mume mwaka huu, sidhani kama kuna neno lililobaki la kuniangusha. Ila ulimi wa mtu siwezi kuuvuta kwa kamba.

Naendelea na sabuni. Kidole hakiachii tena. Naweza kuvuta kutoka kwa futari hadi adhana ya isha bila kukata mstari, ingawa mstari wenyewe hauonekani na mtu yeyote ila mimi. Mambo mengine nimeyapata mwenyewe, sijui kama ni sawa au ni ujinga wangu. Hofu yangu ni moja tu, unaijua, na jina lake ni Siyu.

Nisalimie wote ofisini.

Mwanatumu


Siyu,
20 Mei 1988

Kwa shemeji yangu mheshimiwa, Bi Mwanatumu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Idi imetupitia salama, na sisi sote huku hatujambo ila mama, magoti yake.

Eda yako, kwa uwezo wa Mola, inakwisha Ijumaa ijayo. Mimi nitashuka Malindi Jumanne inayofuata. Nimeshampelekea habari mwenye nyumba wenu kuwa huenda mwezi wa Juni nyumba ikawa wazi, ili naye asikae bila mpangaji. Chumba cha juu hapa kwetu kimepakwa chokaa.

Ikiwa Jumatatu Mwenyezi Mungu amekujaalia huko kazini, nitakunywa kahawa yako na kurudi zangu. Ikiwa hakukujaalia, nikute mizigo imefungwa. Usinidhanie vibaya, shemeji. Ndugu yangu ameniachia amana na nitaulizwa juu yake.

Wasalaam,
Muhidin


Gongoni,
28 Mei 1988

Da Mwanatumu,

Meza si kubwa.

Ukifika ukingoni, inua. Kiinue kidude juu, kidole kisiachie, kirudishe nyuma, kiweke chini, uendelee. Mshale utakungoja.

Kati yetu atabaki mmoja. Hilo pia sikukuambia.

Nampa Katana sasa hivi, anatoka na lori. Mungu akipenda utaipata leo.

Idah


Malindi,
3 Juni 1988

Idah,

Sijaanza kwa shoga yangu kama ada yetu. Bado natafuta neno la kukuita, na sitaki kuandika nisilokuwa na hakika nalo.

Waraka wako wa Jumamosi nimeupata Jumatano. Katana aliupeleka dukani kwa Dena kama alivyozoea. Maskini, hakujua kuwa eda imekwisha tangu Ijumaa, na kwamba angeweza kubisha mlangoni kwangu kama kwa mtu yeyote. Dena naye alikuwa kafunga duka, yuko matangani Magarini. Katana akausukuma chini ya mlango, ukalala humo na mchele uliomwagika. Kwa hivyo Jumatatu niliingia ofisini sijausoma. Nataka ulijue hilo kwanza.

La pili, nilijua kuwa unanificha. Meza ile ya dirishani nimeikalia miaka tisa. Nikiweka taipureta hapakubaki pa kuweka kikombe, chai yangu ilikuwa ikikaa dirishani, nawe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwamba namnywesha chai kunguru. Uliniandikia mwenyewe kuwa mashine imewekwa juu ya meza hiyo. Kisha ukaniandikia kuwa meza ni kubwa. Nilikaa na barua zako mbili mapajani, moja huku na moja huku, nikazisoma mpaka Mahfudha akaniuliza nani kafa tena.

Sababu sikuijua. Nilidhani labda nimekukosea. Nilidhani labda Bwana Ochola amekukataza. Nikakupa mlango katika barua yangu ya Mei ili uingie useme, hukuingia. Hasira niliyokuwa nayo, Idah, nilifunga nayo nusu ya Ramadhani, na sijui kama saumu yangu ilipokelewa. Mpaka Jumatatu, aliposimama mbele yetu akasema atabaki mmoja, ndipo nikafahamu. Moyo ukapoa kidogo. Nilifurahi kujua kuwa ni woga, maana nilichelea kuwa ni chuki.

Basi kwa kuwa hukunijibu, nilirudi kwenye neno lako la mwanzo, ulilonipa kabla hujawa na la kuficha. Pasi. Kanzu ya Mbaruk ilikuwa ndefu kuliko meza yetu ya kupigia pasi. Mtu akifika mwisho wa meza hasukumi tu pasi ianguke chini. Huinua, akairudisha, akaiweka, akaendelea. Nikainua sabuni. Nikairudisha katikati ya sinia kidole kikiwa palepale juu ya kifungo. Lakini je, mashine inayajua mambo ya pasi? Ningemuuliza nani? Aliyejua alikuwa mmoja, na alikuwa kwenye kwaya.

Ijumaa nilipotoka eda niliifungua ile sabuni, nikatoa uzi na kifungo, nikaogea. Kitambaa kilikuwa kimetoboka upande wa chini. Ndiyo harufu uliyoisikia Jumatatu nilipopita karibu nawe, ukageuza uso.

Yaliyofuata uliyaona, ila hukuyaona kutoka kitini kwangu. Kidude kile ni chepesi kuliko sabuni, karibu kinitoroke. Nilipobonyeza pale baharini mstari ukaanza, mweusi, mzuri. Bwawa la kwanza. Bwawa la pili. Kisha mkono ukagonga dirisha. Ghala liko mbali, upande wa pili wa kioo cha mashine, nami sina pa kwenda. Bwana Ochola akajongea mbele kutazama. Nilikuwa nikiiona kanzu ya Mbaruk na kile chumba cha Siyu kilichopakwa chokaa, vyote pamoja. Nikainua macho nikakutazama wewe kwenye meza ya pili.

Nawe, polepole, uliinua kiganja chako juu ya meza, ukakirudisha nyuma, ukakiweka chini.

Nilikuona. Wallahi nilikuona. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshainuka.

Mshale ulisimama ukaningoja, kama ulivyoandika katika barua ambayo sikuwa nayo. Mstari ukafika ghalani mzima. Ilipokuja zamu yako ulikatika, ukaanza tena, ukakatika tena. Kidole kilikuwa kikiachia njiani, nawe umezoea mashine hiyo tangu Machi. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, niliumia, na kuumia huko kukaniudhi.

Baada ya wewe kutoka kwenda kufunga vitu vyako, Bwana Ochola aliniuliza mbele ya watu wote, "Mama, wewe ulikuwa umefungiwa ndani. Umejifunzia wapi?" Nikamwambia, "Idah kanifundisha." Sikuongeza wala sikupunguza.

Muhidin alikuja Jumanne. Aliyaona majamvi bado yametandikwa na masufuria jikoni mahali pake. Alikunywa kahawa, akamwambia Mahfudha asome kwa bidii, akarudi zake. Mtoto alimsindikiza hadi kona, aliporudi alijitupa mapajani mwangu akalia kama mtoto mchanga. Kumbe naye alikuwa akiogopa muda wote huo, akinificha.

Naandika haya nikiyatuma Tezo kwa sababu Katana ameniambia uko kwa dada yako. Eda yote ulinikwepa ukijua siwezi kutoka. Sasa natoka. Jumapili nitakuja. Usiende kanisa la mbali, usiende shamba, usisingizie mvua. Nina maneno ya kukuambia mdomoni, na mengine ni makali. Kisha nitakunywa chai yenu, maana sijasahau kuwa mwanzo ulinipa neno la kweli, bila kuombwa. Kazi siwezi kukurudishia, sina cheo hicho. Nitakuja na mkono mtupu na mkate wa sinia.

Siku hizi mchana kutwa niko dirishani na hicho kidude. Meza ni ndogo vilevile. Kila nikifika ukingoni nainua mkono, na kila nikiinua nakukumbuka. Bado sijui nakukumbuka kwa pasi, au kwa meza kubwa.

Mwanatumu